Mafuta ya Kutuliza ya Shangazi Asiyetulia

Shangazi yangu anatengeneza mafuta ya kutuliza, na yeye mwenyewe sijawahi kumwona ametulia. Chai anainywa amesimama. Ukimpa kiti anakifuta vumbi, anakipindua, kisha anaondoka nacho kwenda kukigongea msumari. Mtaa mzima unamwita Mama Tulizo, na mpaka leo sijui kama wanamsifu au wanamcheka.

Siri ya mafuta yake ni linaloli, kimiminika chepesi kama maji, chenye harufu ya maua. Imo kwenye lavenda, imo kwenye mrehani, imo kwenye krimu nyingi za dukani. Nilipomwambia kwamba imo hata kwenye bangi, alifunga dirisha kwanza ndipo akanigombeza.

"Diploma ya kemia umeitupa njiani, hilo la bangi ndilo ulilorudi nalo?"

"Nimerudi na jingine pia, shangazi. Hiyo chupa ukiifungua mara kwa mara inaingia hewa, na linaloli iliyokaa na hewa inaweza kuiwasha ngozi."

"Mimi sifungui. Nanusa tu."

Na alinusa kweli. Alinusa akienda kuanika nguo, akanusa akitoka kugombana na jirani, akanusa kabla hajaanza kugombana na mimi.

Ila alikuwa na utaratibu mmoja ambao hata mimi, mwenye mdomo huu, sikuuchezea. Kila mafuta mapya aliyapaka kwanza kwenye mkono wake, pale ndani ya kiwiko, akasubiri mpaka kesho yake. Ngozi ya mtu mwingine ilikuja baadaye.

Safari hii hakusubiri. Msusi wa ng'ambo ya barabara alikuwa amemwahidi rafu iliyo chini ya kioo chake kikubwa, mahali ambapo kila mteja anapakodolea macho kwa kuwa kichwa chake kimeshikwa. Muuza vibanio vya nywele naye aliitolea macho rafu hiyohiyo. Shangazi akachanganya mafuta kwa linaloli ya chupa ileile ya kunusa, akajipaka asubuhi, na mchana akamwita msusi aje kuyachukua.

Msusi akaja na kikapu, akaanza kupanga vichupa. Shangazi akaanza kusugua kiwiko kwenye fremu ya mlango, taratibu, kama ng'ombe mwenye adabu.

"Dada, kuna nini?"

"Joto tu."

Mimi niliuona mkono. Ulikuwa mwekundu, na vipele vimeshaanza kujitokeza. Nikamtazama shangazi, naye akanitazama kwa jicho la kusema ukifungua mdomo utalala nje. Nikaufunga. Msusi akavuta kizibo, akanusa, akatabasamu.

"Hii kitu ni tamu! Wateja wangu watalala kwenye kiti."

Akajipaka shingoni.

Shangazi aliruka meza. Sitii chumvi, aliiruka. Akamkamata msusi kisogoni, akamvuta mpaka kwenye beseni, akaanza kumsugua shingo kwa sabuni ya kufulia.

"Unaniua, wewe mwanamke!"

"Tulia! Yameharibika! Tazama mkono wangu!"

Msusi akautazama, maji yakimchuruzika mgongoni.

"Ulijua?"

"Nimejua sasa hivi, ulipokuwa unapanga."

"Ukaniacha nipange."

Msusi akavitoa vichupa kimoja kimoja, akavirudisha mezani, akaondoka na kikapu kitupu.

Kesho yake rafu ya chini ya kioo ilijaa vibanio. Shangazi aliviona kutoka barabarani. Nilidhani atageuka. Akaingia.

"Lete shingo niione."

"Nina mteja."

"Mteja hana haraka. Lete."

Mteja, nywele nusu zimesukwa, akasema kweli hana haraka, maana alitaka kuona mwisho wake. Msusi akainamisha kichwa. Shangazi akamchunguza huku na huku, akabonyeza, akauliza kama panawasha.

"Hapawashi. Sabuni yako ndiyo ilinichubua."

"Pole, mdogo wangu."

Msusi akarudi kwenye nywele. Alipomaliza msuko mmoja, akanyoosha kitana juu.

"Kuna rafu kule juu, karibu na dari. Hakuna anayeitaka. Ukija na mengine, utakuja na huo mkono nao niukague kwanza."

"Nitakuja nao."

"Na kule juu utafikaje?"

"Nina ngazi."

Hana ngazi. Kabla ya jioni alikuwa ameshagonga milango ya nusu ya mtaa akiiulizia.