Stelingi Niliyemnyoa Upande Mmoja

Jumatano, 6 Agosti 2014. Joto la unyevu. Vioo vya madirisha vimetoka jasho kwa nje tangu alfajiri, na jua halikuonekana sawasawa kwa vumbi.

Upo mchana mmoja wa ujana wangu ambao nimeukumbuka kila nilipoona wembe, na kinyozi huona wembe kila siku. Leo, mwanangu, nimeukumbuka bila kutaka kuukimbia. Nauandika kabla sijaenda Hija, ingawa kalamu si kazi yangu. Nilisoma chuo cha Kurani na madarasa manne tu ya skuli, kwa hiyo ukiona nimeruka jambo, ujue ni kusahau, si kuficha. Kuficha nimekwisha.

Anayekwenda Hija huzunguka kwanza kuomba radhi. Nimepiga simu Unguja, nimepiga Maskati, nimemwomba radhi hata shemeji yangu, ambaye kwa kweli nilidhani yeye ndiye aniombe mimi. Wote wamenisamehe. Alibaki mmoja, na huyo sikuwa na njia ya kumpata, maana alikuwa stelingi wa senema wa Bombay.

Nyinyi vijana mna simu zenu, hamjui stelingi alikuwa nani kwetu. Ndiye mchezaji mkuu, ambaye ukimwona mwanzo wa filamu unajua hatakufa mpaka mwisho. Huyu wetu, jina lake siliandiki, kwani nilishalichafua mara moja, alianza kwa kupita nyuma ya mfalme ameshika taa, bila neno hata moja. Baadaye akawa yeye ndiye mfalme. Mafundi cherehani wa Darajani walishona suruali kama zake. Wanawake walikwenda kumtazama Jumapili mchana kwenye onyesho lao la wanawake tu, wakirudi macho mekundu.

Akaja Unguja mwenyewe. Alikuwa apande jukwaani jioni kabla ya filamu yake, na kesho yake awaamkie wanawake kwenye onyesho lao. Mchana ule fundi wangu, kinyozi aliyenifunza kazi, alikuwa amekwenda kuzika, nami nilikuwa peke yangu dukani, kijana wa miaka kumi na tisa. Akaingia stelingi, ameletwa na mtu wa senema aliyemwacha mlangoni. Akakaa kwenye kiti, akafumba macho, akaninyooshea shavu.

Nilimaliza shavu la kulia salama, nikafika kidevuni, nikamkata. Damu ikashuka kwenye taulo jeupe. Alifumbua macho akanitazama, na naapa hakukunja uso. Mimi nikaweka wembe chini na kutoka mbio kwa mlango wa nyuma, nikamwacha na povu upande wa kushoto.

Fundi aliporudi aliona taulo, akaniuliza kulikoni. Hapo ndipo nilipokosea, mwanangu, si kwenye wembe. Nilimwambia, "Alikuja kalewa. Kichwa hakikutulia." Fundi akanitazama kidogo, akasema hajapata kumwona mlevi wa kukaa akanyolewa shavu zima. Lakini palikuwa na wateja wawili wanangoja, na wao hawakuwa na shaka kama ya fundi. Kufika magharibi mji mzima unajua.

Jioni nilikwenda senema. Alisimama jukwaani ametugeuzia upande wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ulikuwa na ndevu, na kidevuni ana kipande cha karatasi. Mtu akapiga kelele kumuuliza kapigana na nani. Akajibu kwa mkalimani kuwa alijinyoa mwenyewe kwa haraka. Watu wakacheka, si kicheko kizuri. Wengine wakapiga miluzi. Mimi nilikuwa safu ya nne. Ningesimama pale nikasema neno moja, yote yangekwisha. Sikusimama. Onyesho la wanawake likavunjwa, akapandishwa ndege asubuhi, na visiwani kwetu hakuitwa tena.

Kwa haki niseme sijui kama nilimharibia kazi. Filamu zake ziliendelea kuja. Nilizifuata zote, hata nilipohamia huku Dubai. Nilimwona ananenepa, nikamwona anakuwa baba wa stelingi, kisha babu mwenye sentensi moja kitandani, kisha simwoni tena. Nikasema labda amekufa na haki yake.

Leo baada ya adhuhuri mjukuu wangu Nassor, ambaye ana saluni hapa Deira, alipigiwa simu na hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga. Wanataka kinyozi apande chumbani, kuna mzee kaletwa na binti yake kutibiwa miguu, hawezi kushuka. Nassor akalitaja jina huku anafunga mkoba. Nikamwambia tunakwenda wote. Akasema, "Babu, wewe huna mkono siku hizi." Kweli sina. Hata kikombe cha chai nakishika kwa mikono miwili. Lakini nilichukua wembe wangu wa zamani.

Mlangoni mlinzi wa Kiganda akaukuta kwenye mkoba. "Mzee, hii kisu unapeleka kwa nani?"

"Si kisu, ni wembe wa kunyolea."

"Mimi tangu nizaliwe sijanyolewa na kitu kama hii," akasema, akauangalia huku na huku. "Pita, lakini huyo mgeni atoke mzima, tafadhali." Nassor alicheka mpaka kwenye lifti. Mimi sikuweza.

Nilimkuta amekaa dirishani, mdogo, shingo imeingia kwenye kanzu ya kulalia. Binti yake akatupatia taulo. Tulizungumza Kihindi, ambacho vinyozi wa Deira sote tunakijua. Sikumngoja Nassor achanganye sabuni. Nilimweleza yote nimesimama, mlango wa nyuma, neno nililomwambia fundi, safu ya nne. Nikamwambia nakwenda Hija na siwezi kwenda na hili.

Binti yake akaanza kunitazama vibaya. Mzee akauliza, "Kwa hiyo walidhani nimelewa?"

"Ndiyo, bwana."

"Siyo kwamba niliwachosha?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba tangu jioni ile hakupanda tena jukwaa mbele ya watu. Mbele ya kamera alikuwa sawa, lakini watu wenyewe aliwaogopa. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba kule kisiwani walimwona ana kwa ana, wakaona si kitu. Mimi sikupata kulifikiria hilo, mwanangu, hata mara moja. Nilidhani nimemchukulia jina zuri tu, kumbe nilikuwa nimempa aibu yangu, akaishi nayo akidhani ni yake.

Akasema, "Nimekusamehe. Ungekuja mapema ningekusamehe mapema." Kisha akainua kidole. "Lakini ukiandika, andika sawa. Baadaye nilikunywa, miaka mingi, na mama wa huyu binti aliteseka. Siku ile sikuwa nimekunywa." Nimeandika kama alivyoniagiza.

Nassor akasogea na burashi. Mzee akamzuia kwa mkono. "Huyu ana kazi yake hajaimaliza. Upande wa kushoto."

Nilimwomba aniachie, nikamwonyesha mkono unavyocheza. Akafumba macho akaninyooshea shavu, vilevile. Basi Nassor alinishika kiwiko, nikapaka povu, nikashuka taratibu kutoka sikioni. Shavu lilikwenda vizuri. Nilipofika kidevuni, ngozi ya uzee haikai, nikamkata. Kidogo, lakini damu ilitoka.

Miguu yangu ilikuwa inaujua mlango. Nikabaki.

"Nimekukata, bwana," nikasema. "Ni mkono wangu."

Alicheka mpaka binti yake akaja kumshika mabega, akicheka naye.

Sasa nasaha yangu, nayo ni fupi. Ukikosea, sema ni wewe, palepale, damu ikiwa bado kwenye taulo. Neno lenyewe si zito. Mimi nimelitamka leo na dari halikuanguka. Ukilikwepa, usidhani kosa limepotea. Yupo mtu analibeba, pengine mbali, wala hajui alilipata wapi. Na kama umeshachelewa, nenda hivyohivyo, na mkono wako unaotetemeka.

Mola akupe ulimi mwepesi wa kukiri, akukutanishe na wenye kusamehe wangali hai, na uzee wako usiwe na mlango wa nyuma.

Jioni tulikula chapati na maharage ya nazi, na samaki wa kukaanga aliyebaki mchana. Nilirudia mara mbili.