Muhuri Chini ya Bakuli la Bibi

Bakuli hilo la kioo cha kijani lilikaa juu ya kabati la nyumba yetu ya mtaa wa Kapata tangu sijazaliwa, na kila mgeni aliambiwa habari ile ile: bibi alitoka nalo Kasai akiwa bi harusi, akalipakata ndani ya treni safari nzima lisije likavunjika. Bibi alishafariki. Siku hizi nyumbani pale anaishi mama mkubwa, dada ya mama yangu, na habari ile ndiye anayeisimulia.

Mimi nanunua vyombo vya kioo vya zamani na kuviuza Lubumbashi. Katika kazi hii, kwanza unageuza chombo utazame kitako, maana viwanda vilitia alama zao pale, na alama zilibadilika miaka ilivyokwenda. Vya watu nimevigeuza vingi. Cha kwetu sikuwahi. Bibi hakutaka kiguswe.

Mwezi uliopita mama mkubwa aliniomba nimsaidie kusafisha kabati. Nikaliosha bakuli kwa siki na mswaki, nikaliinua dirishani. Herufi zikatokea kitakoni! Kiwanda nilikijua, cha Ubelgiji. Zamani walichora jina lao kwa mkono, herufi zimelala kama mwandiko wa mtu. Hizi zilisimama wima, zimepigwa muhuri, na jina la nchi chini yake. Nikawasha tochi ya simu, nikalinganisha na picha za alama ninazozitunza humo. Hapakuwa na shaka. Muhuri ule ulianza miaka ya hamsini, na bibi aliolewa kabla ya vita vikuu vya pili.

"Mama mukubwa!" nikaita. "Hii bakuli haikutoka Kasai. Bibi aliolewa mbele haijatengenezwa!"

"Unasema nini, mutoto wangu? Mama alikuyaka nayo mu treni!"

Nikamwonyesha muhuri, nikamweleza. Akaketi. Akaanza kucheka mpaka machozi.

"Tata yangu!" akasema, akimtaja baba yake, yaani babu yangu. "Mi nilikuwa mutoto mudogo. Mama alienda ku matanga, shiye batoto tulibakia na tata. Tukacheza mupira mu nyumba, bakuli ikapasuka. Tata akasema tusilie. Akabeba bipande, akapanda treni. Alirudia na bakuli muzima! Akatuambia fundi ameiunga na gundi ya bazungu, haionekane. Mi nilimuaminia mpaka leo!"

Nilicheka nikashika tumbo. "Na bibi hakujua?"

"Kila siku alikuwa anaifuta na mikono yake. Atakosa kujua?" Akajipangusa macho. "Na kila akielezea bageni ile habari ya treni, alikuwa anamuangalia tata. Tata anaangalia chini."

Hatukuweza kungoja. Pale pale tulimpigia simu mama yangu, anayeishi Kasaji, tukinyang'anyana simu, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumwambia.