Kamba Iliyopungua Vidole Viwili

Mama yangu, Nelima, amefundisha shule ya Jumapili hapa Bokoli tangu arudi kutoka Kitale, na sijawahi kuona watoto wakikimbilia kanisa namna ile. Mwezi uliopita walimpokonya darasa. Wamempokonya kwa sababu ya siagi, na hasira yangu haijapoa wala sina nia ya kuipoza.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa yaya wa familia ya Kihindi mjini Kitale. Nyanya wa nyumba ile, waliyemwita Ba, alikuwa akipiga mtindi kutoa siagi huku akimsimulia mjukuu wake utoto wa mungu wao Krishna, na mama yuko papo hapo amempakata huyo mjukuu. Krishna alikuwa mtundu hashikiki. Aliiba siagi ya kwao, akaiba ya majirani, na akiulizwa alikana mdomo ukiwa mweupe. Siku moja mama yake, Yashoda, alichoka akataka kumfunga kwenye kinu. Kamba ikapungua vidole viwili. Akaunga nyingine, ikapungua vidole viwili. Akaunga kamba zote za nyumba, bado viwili, hadi mtoto alipomwona mama yake ametota jasho, akamhurumia, akakubali kufungwa.

Sisi Wabukusu maziwa tunayatikisa kwenye kibuyu mpaka siagi itoke, na watoto hawabanduki hapo, wanangoja kulamba. Jumamosi moja mama alikuwa akitikisa kibuyu chake, watoto wamemzunguka, akawasimulia hadithi hiyo. Kosa lake ni hilo tu.

Kesho yake baada ya ibada, Mzee Khaemba, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alimkuta mjukuu wake Nasike amefungwa kamba kwenye kinu cha nyumbani, mashavu yamepakwa siagi, wenzake wanapiga makofi. Alipiga yowe ungedhani nyumba inaungua.

Kamati ikamwita mama. Nilimsindikiza.

"Mama Peris," Khaemba alisema, "si ulituambia umeokoka? Sasa ati unafunza watoto kuabudu miungu ya Wahindi?"

"Mzee, nilisimulia hadithi. Hakuna mtu ameabudu kinu."

"Tubu mbele ya kanisa, sema hiyo ni uongo wa shetani. Ama uachane na darasa, ukae benchi ya nyuma."

Nilishindwa kuvumilia. Kanisa lile limeezekwa kwa mabati ya familia ile ile ya Kitale, na aliyemtuma mama akayaombe ni Khaemba mwenyewe! Nikamwuliza mbele ya wote kama mabati yale yalibatizwa kwanza ndipo yakapigiliwa misumari. Akaniambia mimi ni mtoto, ninyamaze. Nina miaka thelathini na minane.

Mama aliniashiria nikae, kisha akasema polepole, "Siwezi kuiita uongo. Mimi nilikuwa nabeba mtoto wa watu Kitale, na wangu ako huku Bokoli na nyanya yake. Nikikuja likizo, ananiona, anajificha nyuma ya nyanya. Nanyoosha mkono, nakosa kidogo tu. Ba akifika pale kwa kamba, mimi natoka nje nalia. Sasa nitasema aje ni uongo?"

Wanakamati waliangalia viatu vyao. Mimi niliangalia dirisha, maana mtoto huyo ni mimi. Miaka yote hiyo nilimwekea kinyongo, nikidhani hajui. Nikaona aibu, na aibu ikaniongezea hasira.

Basi walifanya nini baada ya kusikia hayo? Walimnyang'anya darasa vile vile, wakafunga kikao kwa maombi, wakanywa chai.

Jumapili iliyofuata mama alikaa benchi ya nyuma peke yake, kitambaa chake cheupe kichwani. Mwalimu mpya aliwasomea watoto kitabu bila kuinua macho, na Nasike kila mara aligeuka kumtafuta mama. Nikatoka kwenye kwaya katikati ya wimbo, nikaenda nyuma. Nilikaa kama ninavyokaa naye siku zote, karibu lakini si sana.

Mama aliweka vidole viwili kwenye nafasi iliyobaki kati yetu, akavitazama.

Nikasogea.