Simu Kwenye Usukani, Salamu Kisimani

Cheti changu cha shule ya usiku nilikitia fremu kubwa kuliko dirisha la chumba ninachopanga hapa Watamu. Niliingia darasa la watu wazima sijui hata herufi moja, nikatoka nasoma mpaka maandishi ya kwenye kiberiti. Kwa hiyo siku fundi aliponifungia kishikio cha simu kwenye usukani wa pikipiki yangu ya abiria, nilijiona rubani. Alikikaza kwa boliti nne, akavuta waya wa chaji mpaka kwenye betri, akapangusa mikono. "Pikipiki itaoza, bwana," akasema, "simu itabaki inaning'inia hapo hapo."

Siku ya tatu akanijia mbio dada mmoja afuaye mashuka hotelini. Mama yake alikuwa amefariki usiku kule bara, mbele ya Marafa, kwa kaka yake aliyehamia karibuni. Dada mwenyewe hakuwahi kufika huko. Kaka alimtumia alama ya mahali kwenye simu. Maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri, na wanawake wetu hawaendi makaburini. Asipouona uso wa mamake kabla jeneza halijatoka nyumbani, basi tena. Mkononi alishika chupa ya marashi ya mawaridi ya kumpaka.

"Utaniwahisha, kaka?"

"Kwa ramani hii, dada? Tutafika wakingali wanachota maji ya kumwoshea."

Maneno hayo hunirudia mpaka leo.

Tulipoipita Marafa simu ikanionyesha njia ya mkato, nyembamba kama uzi. Tukafika kisima chenye wanawake watano, ndoo zimepangwa. Wakatupungia mikono. Huku mtu halipiti kundi la watu hivi hivi. Unasimama, unaamkia, unaulizwa utokako na uendako, na njia unapewa humo humo ndani ya salamu. Dada akanigonga begani. "Simama, kaka, tuwaulize."

"Ramani haidanganyi," nikamjibu, nikavuta mafuta.

"We wa pikipiki!" mmoja akapiga kelele nyuma yetu. "Salamu umeziacha kwenu?"

Mbele, baada ya mwendo mrefu wa mchanga uliotaka kuninyang'anya pikipiki, tukakuta daraja la mbao limechukuliwa na mvua. Ulibaki mto wa matope, upana wake kama bahari, au ndivyo nilivyouona siku ile. Simu bado ikasema twende moja kwa moja. Dada akatazama jua.

Tukarudi mpaka kisimani. Nikazima injini, nikavua helmeti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibu mkubwa wao. "Sasa ndiyo umetuona?" Kisha akauona uso wa dada, akaacha mzaha. "Daraja halipo tangu mvua zianze. Mlikuwa mshike kushoto pale kwenye mkorosho. Mngekuwa mmeshafika, mwanangu."

Tulipowasili, wanaume walikuwa wanarudi, kanzu zina udongo magotini. Uani kitanda cha kuoshea kilikuwa kimeegemezwa ukutani, bado chadondosha maji. Kaka yake akaja kumpokea.

"Tumekungoja, dada. Tumesali, tukakungoja tena. Wazee wakasema haifai."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Kama aliyelala."

Dada akatikisa kichwa kidogo, akampa ile chupa. "Kammwagie wewe."

Nikajitosa, mimi bingwa wa ramani. "Panda, kaka, nikupeleke makaburini."

Akakitazama kile kishikio na simu yake inayowaka, kisha akanitazama mimi. "Ahsante. Ni hapo tu," akasema, "nitakwenda kwa miguu."

Akatoka na chupa mkononi. Dada akaingia ndani kwa wanawake wenzake, nami nikabaki uani na helmeti yangu, sijui niondoke au nikae.