Nyekundu ya Chini ya Skrubu

Fundi alifungua skrubu ya treni ndogo ya kuchezea ya marehemu kaka yake, akaona chini yake nyekundu iliyokolea, isiyowahi kuguswa na jua. Akachanganya rangi, akaijaribu kwenye kipande cha bati na kukiacha kikauke dirishani. Ikafanana kabisa.

Shemeji yake, mjane, alipoonyeshwa akatikisa kichwa.

"Siyo hii."

"Ndiyo ya asili, shemeji."

"Ubishi wa kwenu huo. Mimi nilimkuta nayo imeshapauka. Nirudishie ile ile."

Fundi akarudi kwenye rangi yake. Akaongeza kahawia kidogo kidogo mpaka ikafifia, akaziba mikwaruzo tu. Pale ubavuni, dole gumba la kaka yake lilipokula rangi hadi chuma, hakupitisha brashi.