Kipimo cha Marisela

Emil Godec alianza kufundisha kuchomelea vyuma katika shule moja ya mji wa Pueblo nywele zake zikiwa bado nyeusi. Siku hizo kijana akimaliza shule alivuka barabara tu, akaingia kiwanda cha chuma alikokuwa baba yake. Sasa kiwanda kilichukua mwanagenzi mmoja kwa mwaka, na mkuu wa shule alishasema wazi: mwanagenzi huyo asipotoka shuleni kwao safari hii, karakana ya Emil inafungwa.

Emil hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na Marisela Baca, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Mkono wa msichana huyo haukutetemeka. Wazee wa kiwandani walikuja kumtazama akichomelea, wakainama, wakapitisha kidole kwenye mshono, wakakosa la kukosoa. Kilichobaki ni kiwanda kumpima mkojo, kuona kama anatumia dawa za kulevya.

Asubuhi moja Marisela aliingia karakanani, akakaa juu ya pipa.

"Mwalimu, wamenikataa."

"Kwa lipi?"

"Wamekuta bangi."

Emil aliweka nyundo chini. "Wewe?"

"Usinitolee macho hivyo, mimi si mvutaji. Ni zile pipi za bangi za shangazi Lupe. Nilikuwa silali kwa hofu ya mtihani wa kiwanda, akawa ananipa nusu kila usiku. Kanunua dukani, pale karibu na benki. Ni halali!"

"Halali kwa shangazi yako. Wewe hata umri hujafikia."

"Mwalimu, nusu ya darasa wanakula. Na hela za kutusomesha vyuo si zinatoka kwenye kodi ya hiyo hiyo bangi? Siku ya kutangazwa hizo hela mlisimama wote mkapiga makofi. Leo ndiyo imekuwa sumu?"

Emil alikumbuka alivyopiga makofi. Alichukua koti akaenda kiwandani.

Aliyeajiri vijana huko alikuwa Toño Vigil, mwanafunzi wake wa zamani. Emil alimweleza habari ya pipi.

"Mwalimu, wewe ni baba yangu," Toño alisema. "Lakini humu ndani kuna chuma kilichoyeyuka kinapita juu ya vichwa vya watu. Mtu akifa, nikaseme aliyeendesha kreni alikula pipi tu?"

"Alikula nyumbani, usiku!"

"Kipimo hakisemi saa. Kinasema bangi ipo."

"Wewe ulikuwa unakuja darasani unanuka bia, unaniambia ni dawa ya meno."

"Na ulinifukuza, mzee." Toño alicheka kidogo, kisha akaacha. "Ajaribu mwakani."

"Mwakani hakuna karakana."

Toño alitazama dirishani. Emil akaondoka.

Jumatatu mkuu wa shule alituma mafundi wapime sakafu ya karakana. Watu walisema patawekwa mashine za mazoezi. Hakuna mzazi aliyekuja kugomba. Wengi wao walijifunzia kazi pale pale, na nusu yao hawakujua kama bado pako wazi.

Marisela alikuja kurudisha glavu.

"Kuna mgahawa wa baga kule barabara ya Northern wanatafuta mpishi. Wanataka mtu wa kunisemea, Mwalimu. Sina mwingine."

Emil alipiga simu palepale, amesimama.

"Ana mikono mizuri kuliko yote niliyowahi kufundisha," alisema.

"Sawa, sawa," mwenye mgahawa alimkatiza. "Joto la jiko ataliweza?"

Emil alimtazama msichana, naye alikuwa ametazama chini.

"Ataliweza," alisema, akakata simu.