Kifuniko Kilichopinda

Siku ya mwisho ya maisha yetu ya kawaida, mama alinigombeza kwa sababu ya kifuniko cha kikapu. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba, kwenye kilima chetu huko Burundi, kahawa imeanza kutoa maua na mvua za kwanza zimeshanyesha. Mama alikuwa anatufundisha kusuka vile vikapu vya kwetu vyenye kifuniko kirefu chenye ncha. Mdogo wangu Odeta, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameshamaliza chake, na kifuniko kimekaa wima. Changu mimi, dada mtu, msichana wa miaka kumi na tano, kilikuwa kimepinda upande.

"Konsolata, hiki kifuniko kimelewa?" mama aliuliza.

Odeta alicheka mpaka akaangusha nyasi zake. Mimi nilinuna. Nakumbuka kununa kule vizuri kuliko mambo makubwa yaliyofuata, kwa sababu baada ya hapo ilipita miaka kabla sijapata tena nafasi ya kununia jambo dogo. Baba alikuwa ameenda sokoni, na jioni hakurudi.

Asubuhi tulisikia mlio wa risasi upande wa chini wa kilima. Mmoja, kisha kimya, kisha mingi.

Mama alitoka jikoni mbio, akaushika mkono wa Odeta na kuuweka ndani ya wangu.

"Usimwachie mkono. Mimi namngoja baba yenu."

Tulilala kifudifudi katikati ya mikahawa. Niliona watu wakiingia uani kwetu. Niliona paa likishika moto.

Mama sikumwona akitoka.

Odeta alitaka kulia nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma. Sikuondoa kiganja.

Tulitembea na watu wengine waliokuwa wanakimbia, tukavuka mto, tukaingia Tanzania. Kambini tulijifunza Kiswahili kwenye foleni ya maji, maana ukikosa neno la kujitetea pale ndoo yako inarudi tupu. Jirani mmoja wa kwetu, mzee, alifika baada yetu. Alituambia amewazika baba na mama kwenye shimo moja. Aliniomba radhi kwamba hakuwa na jeneza. Mtu amekimbia risasi, ana vidonda miguuni, na bado anaona aibu kwa ajili ya jeneza. Nampenda mzee yule mpaka leo.

Kisha akaja yule tuliyemwita Mjomba. Hakuwa mjomba wa mtu. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye viatu vinavyong'aa kwenye kambi ya vumbi, na alisema Kirundi kizuri cha nyumbani. Vita vilikuwa vimetunyang'anya kila kitu, lakini vilituachia tabia moja mbaya: kumwamini yeyote anayeongea kama mama. Mjomba alisema Arusha mambo yamefunguka, maduka yamejaa, watalii wanamwaga dola, na familia nzuri zinatafuta wasichana wa kuwasaidia kazi ndogondogo na kuwapeleka shule. Malori yaliyoleta chakula cha msaada yalikuwa yanarudi matupu. Tukapanda, mimi na Odeta na wasichana wengine. Njia nzima nilikuwa namshika mkono.

Alitushusha Kimandolu, mtaa mmoja wa Arusha, mchana kweupe, kwenye ua wenye geti la bati. Nje watu walikuwa wanapita na shughuli zao. Alitupanga ukutani.

Wanawake waliingia. Walitutazama mikono. Walitutazama meno.

Mmoja alitaja bei. Mjomba akawageukia wengine.

"Nani anaongeza?"

Nilikuwa bado sijaelewa kwamba kinachouzwa ni sisi.

Odeta alichukuliwa kwanza.

Watu huniuliza kama nilimwachia mkono. Sikumwachia. Mkono wake ulichomolewa kutoka kwenye wangu, na kidole changu hiki cha mwisho hakijanyooka mpaka leo.

Mimi nilinunuliwa na mwanamke mmoja mwenye duka la mitumba mjini. Nitamwita Mama Duka, na hata hilo ni heshima nisiyodaiwa. Nilifua, nilipika, niliosha magari, nilipanga marobota ya nguo usiku na mchana. Mshahara sikuuona, na shule niliiona kwa mbali kupitia tundu la geti, watoto wakienda na sare zao. Kila nilipomuuliza mdogo wangu yuko wapi, jibu lilikuwa moja: ukitoka nje polisi watakurudisha kwenu vitani. Basi nikakaa. Mwenye kujua vita hatishwi kwa maneno mengi. Kwangu mimi vita vilikuwa vilevile, ila sasa vilikuwa na zulia na televisheni.

Mama Duka alikuwa mzaliwa wa huku mlimani Meru ninakoishi sasa, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, na kila mwaka ikifika Jumapili ya mavuno alirudi kanisani kwao ili aonekane. Mwaka ule alinichukua nikamshikie jogoo wa sadaka. Nilishuka kwenye gari nikasimama kama mjinga. Migomba, mikahawa, udongo mwekundu, ukungu juu. Kwa mara ya kwanza tangu kambini nililia, kwa sababu mlima Meru ulikuwa unafanana na nyumbani.

Sasa, Walutheri wa huku wana desturi ambayo mimi, mtoto wa kigango cha Kikatoliki cha Burundi, sikuwahi kuiona. Ibada ikiisha watu hutoka nje, na zile sadaka za ndizi, mayai, mahindi na kuku hupigwa mnada pale uani, kwa vicheko na kutaniana, hela inaingia kanisani. Kila mtu anajua. Mtoto anayenyonya anajua. Mimi sikujua.

Mnadishaji alikuwa Mzee Kaaya, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kufika mpaka barabarani. Jogoo wangu alikuwa mkorofi, anapiga mabawa, hashikiki. Mzee akaona njia rahisi ni kunipandisha mimi na jogoo wangu kwenye benchi. Akanishika mkono, akauinua juu.

"Haya, huyu hapa! Ana afya, amenona! Nani anaanza?"

"Mia tano!"

"Nani anaongeza?"

Nilipiga kelele. Sijui nilipata wapi sauti ile. "Msiniuze! Msiniuze tena! Nitafanya kazi yoyote, msiniuze tena!"

Jogoo aliruka juu ya meza, mayai yakavunjika, na kanisa zima likaangua kicheko. Siwalaumu. Kama ningekuwa miongoni mwao ningecheka mpaka nikae chini.

Mmoja aliacha kucheka kabla ya wengine. Alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake, Mama Elibariki, mjane mnene mwenye kahawa yake na migomba yake, na meno ya kahawia kama wengi waliokulia maji ya huku. Alikuwa amelisikia lile neno "tena". Alikuja mpaka kwenye benchi akanishusha taratibu.

"Mwanangu, nani alikuuza mara ya kwanza?"

Nikamwonyesha kwa kidole changu kilichopinda. Mama Duka wakati huo alikuwa anamkimbiza jogoo wake.

"Huyo ni mtoto wa ndugu yangu," Mama Duka alisema akihema. "Amechanganyikiwa, mumsamehe. Ni mambo ya vita vya kwao Burundi."

"Ndugu yako yupi?" Mama Elibariki aliuliza. "Baba yako namjua. Mama yako namjua. Baba zako wadogo wote wamezikwa hapo nyuma. Hebu nitajie huyo wa Burundi."

Kicheko kikaisha. Wanawake wakatuzunguka, mmoja mmoja, na kitenge chao cha umoja cha rangi ya kijani. Hakuna aliyempiga Mama Duka wala kumtukana. Walisimama tu kati yake na mimi. Aliita jina langu mara kadhaa, kisha akapanda gari lake akaondoka peke yake.

Polisi waliandika kwamba ni ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri wake. Miaka ile jambo lenyewe lilikuwa halina jina, na kisicho na jina hakina faili. Mama Duka alikana kila kitu, Mjomba alikuwa ameyeyuka, na Odeta hakujulikana aliko. Mama Elibariki alirudi kutoka kituoni amevimba kwa hasira, akavua viatu, akasema, "Basi tutamtafuta sisi."

Lakini kwanza ilibidi nipatikane mimi. Kwake nilikuwa naamka kabla ya majogoo na kufagia uwanja mzima bila kuagizwa. Siku ya pili alininyang'anya ufagio.

"Hapa hukununuliwa. Nenda kalale."

Sikuweza kulala, nikakaa mlangoni nikimtazama akifagia mwenyewe vibaya makusudi ili nicheke. Hakuniuliza habari za vita. Aliniuliza kama nataka taa iwake au izimwe, kama napenda ndizi za nyama au za maharage, kama nataka kwenda naye shambani au kubaki. Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza ninataka nini, na mwanzoni maswali hayo yalinichosha kuliko kufua. Polepole nikaanza kuyajibu. Nikaanza pia kusuka vikapu, na vifuniko vyangu vilipinda vilevile. Wanawake wa umoja walinitania kwamba vinainama kusalimia wageni.

Mavuno yaliyofuata, Mzee Kaaya alinisimamisha mbele ya watu kabla ya mnada. Safari hii hakunishika mkono. Aliomba radhi kwanza, kwa sauti yake ile ya kufika barabarani, akasema, "Msikilizeni binti yetu." Nikasimulia: kambi, Mjomba, geti la bati, maneno yake yaliyokuwa matamu, jinsi walivyotutazama meno. Nikawaambia kama kuna binti jikoni kwako hajui lini atarudi kwao, na wewe hujui, basi kuna kitu hakiko sawa. Watu wengine walitazama chini. Wiki hiyohiyo mama mmoja alimleta msichana wake wa kazi kwa Mama Elibariki, akasema, "Niliambiwa ni yatima. Sasa sina uhakika." Msichana yule alikuwa na wazazi wote wawili, na alirudi kwao.

Basi tukaanza kuzunguka. Kila usharika uliotukubali, mlimani na mjini, mimi nilisimama kabla ya mnada nikasema yangu. Nilikuwa nawasemea wote, lakini macho yangu yalikuwa yanamtafuta mmoja.

Mavuno ya tatu tulikuwa kwenye usharika mmoja karibu na mji. Nilimaliza kusema, mnada ukaanza. Mnadishaji akainua kikapu kilichojaa mayai.

Kifuniko kirefu. Chenye ncha. Kimekaa wima.

Nilijishikilia kwa Mama Elibariki. Nilimwambia, "Mama, hicho kimesukwa na mdogo wangu."

Hakuniuliza nimejuaje. Alikinunua, mayai na vyote, kisha akaenda kwa tabasamu kumsifia mama aliyekitoa. Mama yule akafurahi. Akasema anakaa Sekei, hapo mjini, anauza vikapu kwenye maduka ya watalii, ana binti wa kumsukia nyumbani, mikono ya ajabu, haongei sana.

Kesho yake wanawake wa umoja walipanda Sekei, mimi na mwenyekiti wa mtaa tukiwa pamoja nao, wamebeba mkungu wa ndizi na themosi za chai, wanaimba. Ukifikiwa na wageni wa kanisa wanaoimba hufungi geti, majirani wanaona. Tuliingia, tukajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye zulia.

"Tumekuja kumsalimia msukaji," Mama Elibariki alisema.

"Ana kazi kidogo."

"Tutangoja. Chai tumekuja nayo."

Tukanywa. Tukaimba. Tukanywa tena. Mwenyekiti wa mtaa akakohoa, akauliza binti huyo ni nani na ametoka wapi. Mwenye nyumba aliona hatuna mpango wa kuondoka mwaka huo, akaita jina nisilolijua.

Aliingia akiwa ameinamisha uso. Alikuwa amerefuka. Alipita kwa wageni mmoja mmoja, macho chini, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo." "Marahaba." "Shikamoo." "Marahaba."

Akafika kwangu.

"Shikamoo."

Nilikuwa nimekuja na kikapu changu mwenyewe, nikakiweka mikononi mwake. Alikigeuza. Vidole vyake vikapanda mpaka kwenye kifuniko, vikasimama pale kilipopinda.

"Hiki kifuniko kimelewa," alisema polepole, kwa Kirundi.

Ndipo akainua macho.

Kilichofuata sikukisikia sawasawa, kwa sababu wanawake wa Meru wakifurahi hupiga vigelegele, na sebule ile ilikuwa ndogo. Najua tulitoka nyumba ile mbele ya macho ya mtaa mzima, na sikumwachia mkono mpaka Maji ya Chai.

Nimejaribu kuwa mkweli kuhusu tulichopoteza. Baba na mama wamelala kwenye shimo moja ambalo sijawahi kulisimamia. Odeta alipoteza utoto wake kwenye chumba cha kusukia, na miaka mingi alilala na viatu miguuni. Wasichana wengine waliosimama nasi ukutani Kimandolu wako wapi, sijui, na kila nikisimama kusema huwa nawatazamia kwenye umati. Sheria imekuja baadaye, na jambo sasa lina jina na faili. Nashukuru. Lakini mimi niliokolewa kabla ya sheria, na watu waliokuwa wamekuja kununua kuku.

Kila mavuno tunapeleka vikapu viwili. Cha Odeta hugombaniwa. Changu hununuliwa na Mama Elibariki, ambaye sasa anatembelea mkongojo na anadai anakipenda. Mnadishaji wa siku hizi ni kijana, hajui habari zetu zote. Anainua sauti: nani anaongeza? Hapo Odeta hunishika mkono, kwenye kile kidole kilichopinda, na hakuna mtu anayeuchomoa.